Miguu ya Bwana Harusi

Sogeeni, na mlio mlangoni ingieni ndani, maana hadithi hii ukiisikia nusu utahukumu nusu. Haina zimwi wala sungura. Ina watu watatu wa ukoo mmoja, na kila mmoja wao alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza ni Hidaya, na huyu alijaliwa Kiingereza. Alikuwa akiuza mbegu na dawa za mimea katika duka moja pale Kilosa, na mkulima akinunua dawa ya nyanya, Hidaya ndiye aliyemsomea maandishi ya chupa. Kijijini kwao, ujumbe wa Kiingereza ukiingia kwenye simu ya mtu, simu ilipelekwa kwa Hidaya kama mgonjwa anavyopelekwa zahanati. Maneno aliyajua mengi. Neno asilolijua alilitazama lilivyokaa katikati ya wenzake, akakisia, akasonga mbele, na mambo yakaenda. Watu walimsifu, na sifa ikishazoea kukaa kwa mtu, kuiambia itoke ni kazi.

Wa pili ni bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanamvua. Alijaliwa mikono. Mtu akiteguka, au mgongo ukimkakamaa, au mjamzito akivimba miguu, Bibi Mwanamvua alijipaka mafuta ya nyonyo, akashika, akanyamaza. Watu walisema mikono yake ina masikio. Hakuwahi kumkanda mtu huku anamhoji. Alisema maumivu yana haya, ukiyauliza yanajificha.

Wa tatu ni Kobelo, mwana wa Bibi Mwanamvua, mjomba wa Hidaya. Huyu alijaliwa macho ya kuona na mdomo wa kungoja. Palipotokea ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mume na mke, aliitwa yeye, kwa sababu aliweza kulipitisha jambo zito katikati ya watu wenye hasira kama mtu anayepita na sinia la chai chumbani walikolala watoto. Hamwagi, hakanyagi.

Hidaya alikuwa na mdogo wake, Mwasiti, na Mwasiti alikuwa amechumbiwa na Shomari, kijana wa kijiji cha pili, ambaye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai huko Njombe. Walipendana kweli. Wasiwasi wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu, nao ni baba yao, Mzee Mkude. Alikuwa mtu mwema, lakini hasira zake zilikaa karibu. Hidaya mwenyewe aliwahi kuchumbiwa. Siku moja washenga walichelewa, na mmoja wao, badala ya kuomba radhi, akacheka. Mzee Mkude aliuvunja uchumba pale pale, wageni hata viatu hawajavua. Tangu hapo hakuna aliyekuja kumposa Hidaya tena. Alibaki dada mkubwa anayewapangia wenzake sherehe, anayecheka na kila mtu, na anayetafuta la kufanya jikoni kila anapoulizwa, "Na wewe je?"

Basi ilikuwa wiki ya harusi. Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele, Mzee Mkude na Mjomba Kobelo wamekaa barazani wanapanga nani akalale kwa nani, Mwasiti yumo ndani amefichwa kama desturi. Simu ya Hidaya ikalia. Alikuwa Bwalya, Mzambia aliyefanya kazi pamoja na Shomari na kupanga naye nyumba moja. Kiswahili chake kilikuwa "mambo" na "asante", basi.

"Sista," Bwalya akasema kwa Kiingereza, "samahani kwa kukusumbua. Ni kuhusu Shomari. Sista, Shomari has cold feet. Nadhani ingefaa—"

Simu ikakatika. Hidaya akapiga, hapatikani. Akapiga ya Shomari, haipatikani nayo.

"Ni nani huyo?" Mzee Mkude akauliza kutoka barazani. "Anasemaje?"

Hidaya alilijua neno cold. Ni baridi. Alilijua neno feet. Ni miguu. Kila moja peke yake lilikuwa neno la watoto wa shule ya msingi. Lakini yalivyotoka pamoja kinywani mwa Bwalya yalikuwa na sauti nyingine, sauti ya mtu anayekunong'oneza aibu ya rafiki yake. Hakuzungumza kama mtu anayetoa habari ya mgonjwa. Hidaya aliisikia ile sauti, na aliisikia vizuri. Hapo ndipo angesema, "Baba, maneno nimeyasikia, maana yake sina hakika nayo." Lakini mikono yote imesimama kwenye mchele, macho yote yako kwake, na shangazi mmoja ameshamwambia mgeni, "Huyo ndiye msomi wetu."

"Anasema," Hidaya akajibu, "miguu ya Shomari imekuwa baridi."

Bibi Mwanamvua aliweka ungo chini.

"Imekuwa baridi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yote miwili?"

"Amesema miguu."

Bibi akasimama kwa shida, akajishika kiuno. "Mtu haanzi kupoa kichwani," akasema. "Anaanza miguuni. Babu yenu nilimshika nyayo asubuhi, zikawa kama jiwe la mtoni. Jua halikutua tukawa tumeshamzika."

Mwasiti alikuwa amesikia kutoka ndani. Alitoka mbio na liwa yake usoni, bila kujali mila, akampigia bibi yake magoti. Mzee Mkude, ambaye kila mtu alidhani atafoka, alibaki na kofia mkononi. "Nendeni," akamwambia Mjomba Kobelo. "Mchukue mama, akamshike yule kijana kabla hamjachelewa. Na Hidaya aende, maana huyo mwenzake haongei lugha ya watu."

Kesho yake alfajiri watatu hao walipanda basi. Bibi alikuwa na chupa ya mafuta, fungu la tangawizi na soksi za sufu alizoazima kwa mke wa mkuu wa shule. Mjomba alibeba mkoba mdogo. Hidaya alibeba yale maneno mawili ambayo hakuwa na hakika nayo.

Walibadilisha basi Mikumi. Bibi na Mjomba wakapata viti vya mbele, Hidaya akakaa nyuma na mwanamke mmoja mchangamfu, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa anarudi kazini kwake Mafinga. Walizungumza mvua, wakazungumza bei ya vitunguu. Basi lilipokuwa linapanda mlima wa Kitonga, kona baada ya kona, Hidaya akainamisha sauti kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Samahani, mwalimu. Hivi Mwingereza akisema mtu ana cold feet, anakusudia nini hasa?"

Mwalimu akatabasamu. "Hapo hazungumzii miguu, dada. Anasema mtu ameingiwa na woga. Jambo alilikubali mwenyewe, sasa limekaribia, anataka kulikimbia. Husemwa sana kwa mtu anayekaribia kuoa."

Hidaya akatazama korongo dirishani.

"Ndivyo walivyo na hiyo cold yao," mwalimu akaendelea, maana amepata somo. "Mtu akikwambia ana cold, ana mafua. Akisemwa kuwa yeye ni cold, hana bashasha, hata umletee habari ya kupata mtoto. Na sisi si vilevile? Tunasema moyo umeingia ubaridi, tunasema maini yamekatika, na hakuna aliyewahi kwenda kupima maini. Sisi woga tumeuweka tumboni, wao wameuteremsha miguuni. Anayefasiri neno kwa neno ataua watu!"

"Nilijua," Hidaya akasema haraka. "Nilitaka kuhakikisha tu."

"Bila shaka," mwalimu akajibu kwa upole, akageuza uso upande wa pili ili amwachie nafasi. Ule upole ulimchoma Hidaya kuliko kicheko.

Sasa fikirini hali yake. Mbele yake, viti vichache tu, bibi yake mwenye umri ule amekumbatia chupa ya mafuta, anakwenda kumponya mtu asiyeumwa. Nyumbani mdogo wake anaomba dua kwa ajili ya mchumba ambaye hataki kuja. Na yeye ndiye aliyefanya hivyo kwa maneno mawili. Akimwambia Mjomba, itabidi wampigie baba, na baba akisikia kwamba mwanamume anasitasita kumwoa bintiye, harusi imekwisha hapo hapo. Mwasiti atakuwa kama yeye. Hayo aliyawaza, nayo yalikuwa kweli. Lakini chini yake palikuwa na wazo jingine, dogo, lenye nguvu zaidi: akisema, watajua kwamba hakujua.

Mwalimu aliteremka Mafinga, akamtakia heri.

Makambako basi lilisimama ili abiria wapate kula. Ukungu ulikuwa umeshuka, watu wamevaa makoti mazito. Mjomba Kobelo akaja nyuma na mhindi wa kuchoma, akaukata katikati, akampa nusu.

"Mbona umenyamaza hivyo, mama? Tangu Kitonga sijasikia sauti yako."

Hidaya akamtazama. Mjomba alikuwa na uso wa mtu anayeweza kuambiwa. Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Baridi, Mjomba," akasema.

Mjomba akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akamvulia koti lake, akarudi mbele.

Walifika Njombe jua linaelekea kuzama, wakaelekezwa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Bwalya ndiye aliyefungua mlango. Alipowaona akashika kichwa. Akamwambia Hidaya kwa Kiingereza, "Mungu wangu, mmekuja! Wazee wamekuja kumbembeleza au kumpiga?"

"Anasemaje?" Mjomba akauliza.

"Anasema karibuni sana," Hidaya akajibu. Safari hii alijua kila neno, na kila neno alilitupa.

Shomari alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, godoro limekunjwa, na begi lake limefungwa karibu na mlango. Aliposikia sauti ya Bibi alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani, kama mwizi aliyemulikwa.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, mume wangu," Bibi akajibu, kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu wake. "Keti. Lete miguu."

"Bibi?"

"Miguu! Nimetoka Kilosa kwa ajili yake. Wewe binti, injika maji."

Shomari alimtazama Hidaya, Hidaya akainama kuwasha jiko. Alimtazama Bwalya, Bwalya akainua mabega. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bibi kizee aliketi chini sakafuni, sakafu ya saruji ya Njombe, akamvua viatu na kuishika miguu yake, na kweli ilikuwa baridi, kwa maana huko nani miguu yake ina moto?

"Loo," Bibi akasema. "Afadhali tumewahi."

Akaanza kukanda. Alikanda kisigino, akapanda kwenye shavu la mguu, akarudi kwenye vidole, kimoja kimoja, na maji ya tangawizi, na mafuta, bila neno. Chumba kikajaa harufu ya tangawizi. Baada ya kitambo mabega ya Shomari yakaanza kutikisika, kisha machozi yakamtoka waziwazi, mtu mzima.

"Bibi," akasema, "hii ni miguu ya baba yangu. Kila anayeniona nikitembea anasema hivyo. Baba alimwacha mama mimi nikiwa sijaota meno, akaenda kutafuta madini, hajarudi mpaka leo. Kila nikifikiria harusi naiona miguu hii inaondoka."

Bibi alidhani ni homa inayosema. "Ni miguu tu, mume wangu," akamtuliza. "Haijui njia mpaka uiambie." Akaendelea kukanda.

Mjomba Kobelo alikuwa amesimama kando ya mlango, na macho yake, kama nilivyosema, yalikuwa ya kuona. Aliliona lile godoro lililokunjwa. Aliliona begi. Aliona zipu haikufunga vizuri, na mkono wa sufuria umechomoza. Mtu haendi kuoa na sufuria. Huyu alikuwa anahama, na hakuwa anahamia Kilosa. Alimtazama Hidaya, aliyekuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa, na hapo akajua hata kile kilichokaa nyuma ya ile "baridi" ya Makambako.

Angeweza kulisukuma begi kwa mguu na kuuliza, "Hili linakwenda wapi?" Shomari angejibu, na jibu likishatamkwa halirudi tena kinywani. Badala yake alilinyanyua, akalipima uzito.

"Naona umeshafunga mzigo wa kuja nyumbani," akasema. "Vizuri sana. Na mimi nilikuwa na wasiwasi tutachelewa kukusubiri ufunge. Kesho nitakusaidia kubeba."

Shomari alimtazama, miguu yake bado iko mikononi mwa Bibi. Bwalya, asiyeelewa neno, hata yeye alijua kuna mlango umefunguliwa.

"Ndiyo, Mjomba," Shomari akasema. "Ni mzigo wa nyumbani."

Na kesho yake wakateremka wote, sufuria ikiwemo. Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na Bibi Mwanamvua akamwambia kila mgeni jinsi alivyomtoa bwana harusi mikononi mwa mauti. Mzee Mkude alicheza ngoma mpaka kanzu ikalowa. Hidaya aligawa vinywaji, na kila alipopita karibu na Mwasiti alitazama sinia.

Shomari alikuwa mume mzuri. Hilo lazima niliseme, ili msije mkasema sikusema. Mwaka haujazunguka sawasawa, Mwasiti akajifungua mtoto wa kike nyumbani kwao, na siku ya kumpa mtoto jina ukoo ukakusanyika. Bwalya naye alishuka kutoka Njombe. Kiswahili chake sasa kilikuwa kimekomaa, na kama ilivyo kwa mtu mwenye nguo mpya, alitaka kuivaa kila mahali.

"Nani angejua," akasema kwa furaha mbele ya watu wote, "kwamba yule mwenye cold feet leo ataitwa baba!"

"Si ilipona?" Mzee Mkude akauliza. "Miguu si ilikandwa ikapona?"

"Miguu gani, mzee?" Bwalya akacheka. "Mimi nilisema Shomari anaogopa kuoa. Ndiyo maana yake kwa Kiingereza. Alikuwa amefunga kila kitu aende Songea, hata kuaga hakutaka."

Bwalya akaona nyuso, kicheko kikamfia mdomoni. Mwasiti, mtoto mikononi, alimgeukia mumewe taratibu.

Shomari akasimama. Hakuinua macho. "Ni kweli," akasema. "Nilitaka kukimbia. Nimeificha aibu hii mpaka leo, na sasa imekuja mbele ya mwanangu. Sikukimbia kwa sababu nilirudishwa. Haki ya kutaja jina la mtoto huyu ni yangu mimi baba, nami naitoa. Nampa yule aliyenirudisha."

Mzee Mkude alikuwa amekunja ngumi, lakini mara uso wake ukafunguka, akageuka. "Hidaya!" akapaza sauti. "Kumbe ulijua! Ulizijua hasira zangu, ukageuza maneno, ukaiokoa ndoa ya mdogo wako! Wanangu, huyo ndiye msomi!"

Vigelegele vikapasuka. Shangazi akamvisha kanga begani. Na Hidaya, wapenzi wasikilizaji, alisimama katikati ya vigelegele vile kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kunyamaza kungetosha. Angenyamaza tu, sifa ile ingekuwa yake mpaka kaburini.

"Sikujua," akasema. Hawakumsikia. Akasema tena, kwa nguvu, "Baba, sikujua! Niliona haya kusema sijui, nikafasiri kama mtoto. Maana yake niliambiwa na mwalimu ndani ya basi, na hapo pia nikanyamaza. Nilijiambia namwonea huruma Mwasiti. Ilikuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine nilikuwa najionea haya mwenyewe. Kisha Njombe nikadanganya kwa makusudi. Msinivishe kanga."

Akaivua, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka.

Wakamgeukia Bibi Mwanamvua, wakasema basi ni yeye, kwani mikono yake ndiyo iliyomtoa yule kijana machozi. Bibi alikuwa ameduwaa. Mwaka mzima amewasimulia watu jinsi alivyoponya, na leo anaambiwa hapakuwa na ugonjwa.

"Mimi nilimkanda mgonjwa," akasema kwa sauti ndogo. "Ningejua ni mtu anayemtoroka mjukuu wangu, sijui kama ningemshika miguu. Pengine ningemchapa bakora. Jina nitalitajaje kwa jambo nililolifanya bila kulijua?"

Wakamgeukia Mjomba Kobelo. Naye, aliyezoea kukaa katikati ya aibu za watu wengine, safari hii alikuwa ndani ya yake.

"Mimi nilijua," akasema. "Nililiona begi, nikaelewa yote, nikampa kijana njia ya kurudi bila kuvunjika uso. Ningeweza kuja kumwambia Mwasiti kabla ya ndoa. Nilimwona amekaa na hina yake mikononi, nikashindwa. Niliyemwokoa ni Shomari. Mwasiti nilimfumba macho."

Hapo Mwasiti akasema, na alisema bila kulia.

"Shomari ni mume mwema, sikatai. Lakini jana nilikuwa mwanamke aliyeolewa. Leo ni mwanamke ambaye mumewe alikuwa anamkimbia, akarudishwa kwa mafuta ya nyonyo. Mmoja alikosea akaficha. Mmoja alijua akaficha. Mmoja hakujua kitu. Kabla hamjagawana sifa mngeniuliza mimi: ningeambiwa, ningesemaje? Labda ningesema aende. Labda ningepanda basi mwenyewe. Hamtajua kamwe, na mimi sitajua."

Akamtazama mumewe. "Ahadi umeitoa mbele ya watu, siwezi kuivunja. Lakini sema wewe mwenyewe. Ni nani kati yao aliyekurudisha?"

Shomari akajaribu kujibu. Alisema kama si Hidaya kukosea, wasingekuja Bibi wala Mjomba. Angekuja Mzee Mkude na fimbo, naye angepitia dirishani. Alisema kama si mikono ya Bibi, asingelitamka jina la baba yake, na jambo lile lingebaki ndani linamsukuma. Alisema kama si Mjomba kunyanyua begi, angelia, angeomba radhi, kisha angekwenda Songea vilevile, maana hakuona njia ya kurudi na uso wake. Alijaribu kumwondoa mmoja, akashindwa. Akakaa.

Wengine walimtaja Bwalya. Bwalya akakataa kwa mikono miwili, akasema aliyemchongea rafiki yake kwenye simu, na leo tena mbele ya mkewe, hastahili hata kikombe cha chai.

Shehe amekaa na ubani wake, anangoja atajiwe jina. Wazee wamegawanyika. Kuna wasemao ni Hidaya, kwa sababu pamoja na yote ndiye pekee aliyeirudisha sifa ilipokuwa tayari mabegani mwake. Kuna wasemao ni Bibi, kwa sababu mkono wake haukuwa na hila, na wengine wakawajibu kwamba kutojua si fadhila. Kuna wasemao ni Mjomba, kwa sababu yeye peke yake alitenda huku anajua anachotenda. Na hapo hapo wanawake wa upande wa pili wakasema hiyo ndiyo sababu asiguse jina la mtoto huyu. Bibi mmoja wa jirani akasema wote watatu wakae chini, jina alitaje mama mtu, aliyeibiwa uamuzi mara ya kwanza asiibiwe mara ya pili. Lakini ahadi ilikuwa ya aliyemrudisha Shomari, na Mwasiti hakumrudisha. Hakupewa nafasi hiyo.

Mtoto ameamka, anatafuta ziwa. Haya, mimi nimewaeleza nilivyosikia, sikuongeza wala sikupunguza. Ningekuwa na jibu nisingewaita. Wewe uliyekaa hapo na mkono shavuni, mtoto ungempa nani amtaje jina, na ungemtazama Mwasiti usoni ukamwambia nini?